Kuandaa ghala la programu lisilohitaji intaneti kwenye Linux

Kompyuta inayotumia Debian, Ubuntu au mifumo mingine ya jamii hiyo huchota programu zake kutoka kwenye ghala lililoko mbali, na mahali ambapo intaneti haipo, amri ya apt-get haina pa kuchota. Wengi hujaribu kubeba faili za .deb, yaani vifurushi vya programu, kwenye flashi na kuzisakinisha moja moja kwa dpkg -i. Njia hiyo huchosha upesi, kwa sababu dpkg haitafuti vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo programu huvihitaji ili ifanye kazi: husema tu kwamba kifurushi fulani kinakosekana, ukikileta hudai kingine, na safari za kwenda na kurudi haziishi. Ghala la ndani huondoa adha hiyo, kwa kuwa apt yenyewe ndiyo inayopanga kipi kitangulie na kipi kifuate.

Kazi ianzie kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Nalisisitiza hili kwa sababu nami nilianzia upande wa pili: nilipakua programu kwenye kompyuta yangu yenye mtandao, nikafika nilikokuwa naenda nikakuta vitegemezi vingi havimo. Apt haikukosea. Kompyuta yangu ilikuwa na vitegemezi hivyo tayari, kwa hiyo haikuwepo haja ya kuvipakua tena. Dawa yake ni kuipa apt picha halisi ya kompyuta inayohudumiwa, nayo picha hiyo imo katika faili moja, /var/lib/dpkg/status, inayoorodhesha kila kifurushi kilichosakinishwa pamoja na toleo lake. Inakili kwenye flashi, kisha uandike majibu ya amri hizi mbili:

dpkg --print-architecture
cat /etc/os-release

Ya kwanza hutaja aina ya kichakataji, kama vile amd64 au arm64, na ya pili hutaja toleo la mfumo. Kompyuta utakayopakulia sharti ilingane na hiyo kwa yote mawili. Vifurushi vya Debian 12 visichanganywe na vya Ubuntu 24.04, hata kama majina yake yanafanana.

Ukiwa kwenye kompyuta yenye intaneti, iweke ile faili katika saraka yake ya pekee, tuseme /srv/hali, kisha upakue bila kusakinisha chochote:

sudo apt-get update
sudo mkdir -p /srv/ghala/partial
sudo apt-get -o Dir::State::status=/srv/hali/status -o Dir::Cache::archives=/srv/ghala --download-only install vlc gimp

Hapo apt hupiga hesabu kana kwamba iko ndani ya kompyuta ile nyingine, na huleta vile tu inavyovihitaji. Ukiondoa install na majina ya programu yanayoifuata, ukaweka dist-upgrade peke yake mahali pake, utapata masasisho yote ya mfumo, yakiwemo ya usalama, ambayo kompyuta zisizo na mtandao huyakosa kwa miezi mingi.

Rundo la faili za .deb bado si ghala. Kinacholifanya liwe ghala ni faharasa, yaani faili iitwayo Packages, ambayo kwa kila kifurushi hutaja jina, toleo, vitegemezi, mahali faili ilipo, ukubwa wake na alama ya SHA256 ya kuthibitishia kwamba haikuharibika njiani. Sakinisha dpkg-dev na apt-utils, kisha uendelee hivi:

sudo chown -R "$USER" /srv/ghala
cd /srv/ghala
dpkg-scanpackages --multiversion . > Packages
gzip -9kf Packages

Amri ya chown isirukwe. Wapo wanaoweka sudo mbele ya dpkg-scanpackages wakashangaa kunyimwa ruhusa. Sababu ni kwamba alama ya > hutekelezwa na mtumiaji wa kawaida, wala sudo haiifikii. Jambo jingine la kuangalia ni pale unaposimama, kwa kuwa mahali pa kila faili huandikwa kuanzia kwenye saraka ulimotolea amri. Ukiwa ndani ya /srv/ghala, mstari wa Filename utaanza na ./ na kila kitu kitakwenda sawa. Mwishoni amri hutaja idadi ya vifurushi ilivyoviandika. Ilinganishe na idadi ya faili zenyewe kwa ls *.deb | wc -l kabla hujaondoka.

Sasa inakuja sahihi ya kidijitali, inayoiwezesha apt kuthibitisha kwamba ghala ni lako na halijabadilishwa. Maelekezo mengi hushauri kuandika [trusted=yes] katika mstari wa chanzo, yaani kuiambia apt iliamini ghala bila sahihi, na kuiruka hatua hii, na ni kweli kwamba ghala litafanya kazi. Mimi sikubaliani na ushauri huo. Flashi hupita mikono mingi, na kila kifurushi kinachosakinishwa hupewa mamlaka yote ya mfumo, hivyo dakika chache za kutengeneza ufunguo zina thamani kubwa:

gpg --quick-generate-key "Ghala la Ndani"
apt-ftparchive release . > /tmp/Release
mv /tmp/Release .
gpg --clearsign -o InRelease Release
gpg --export "Ghala la Ndani" > ghala.gpg

Ufunguo hutengenezwa mara moja tu, na sehemu yake ya siri hubaki kwenye kompyuta hii.

Nakili saraka nzima hadi /srv/ghala ya kompyuta isiyo na intaneti, na ghala.gpg uiweke ndani ya /usr/share/keyrings. Usijaribu kulitumia ghala likiwa bado kwenye flashi: apt husoma kwa kutumia mtumiaji wake maalumu aitwaye _apt, ambaye mara nyingi haruhusiwi kuingia katika saraka ya /media inayofunguliwa kwa jina lako. Baada ya kunakili, toa ruhusa ya kusoma kwa sudo chmod -R a+rX /srv/ghala, kisha uunde faili /etc/apt/sources.list.d/ghala.list yenye mstari huu mmoja:

deb [signed-by=/usr/share/keyrings/ghala.gpg] file:/srv/ghala ./

Vyanzo vya zamani vizimwe, la sivyo kila apt-get update itapoteza muda ikitafuta seva zisizofikika. Katika sources.list weka alama ya # mwanzoni mwa kila mstari; katika Ubuntu 24.04 vyanzo vimo ndani ya ubuntu.sources, ambamo unaongeza mstari wa Enabled: no katika kila fungu. Endesha apt-get update, halafu apt-cache policy vlc. Ukiona file:/srv/ghala katika jibu, sakinisha kama kawaida.

Kila unapoongeza vifurushi, rudia hatua zote kuanzia chown hadi --clearsign, isipokuwa ile ya kutengeneza ufunguo, bila kuacha gzip, maana Packages.gz ya zamani ikibaki, apt huweza kuisoma hiyo na vifurushi vipya visionekane kabisa.

Kama kompyuta ni nyingi na zimeunganishwa kwa waya au Wi-Fi ya ndani, hakuna haja ya kunakili ghala kwenye kila moja. Kwenye ile yenye ghala, ingia /srv/ghala na uendeshe python3 -m http.server 8000, kwenye nyingine weka ghala.gpg, na badala ya file:/srv/ghala andika http://192.168.1.10:8000, ukibadilisha namba hizo ziwe anwani halisi ya kompyuta yenye ghala.