Kusoma misimbo ya gari kwa laptopu na kebo ya USB, ukiwa nyumbani

Mwongozo huu ni wa mwenye Fielder, Vitz, Demio au gari jingine la Japani ambaye taa ya injini imemwakia, anataka kusoma misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, na hataki kununua sensa kwa kubahatisha pale Kirinyaga Road, Nairobi. Unahitaji laptopu ya Windows, hata iliyochakaa, na kebo moja. Hapa tunashughulika na injini tu. ABS na eabegi programu za kawaida za ELM327 (chipu iliyo ndani ya kebo, inayotafsiri kati ya gari na kompyuta) hazizifikii, na eabegi si kitu cha kujifunzia nyumbani.

Hatua ya 1: Kebo

Nunua ya USB. Zile za Bluetooth waachie wenye simu. Kwenye Windows hukufungulia milango miwili mitatu ya COM (njia ambazo programu huwasiliana na kifaa) na hujui upi ndio wenyewe. Ukiwa na pesa, chukua OBDLink SX, kebo ya USB iliyo bora zaidi, na uruke nusu ya shida zilizo hapa chini. Usipokuwa nazo, kebo ya ELM327 ya Luthuli Avenue inafanya kazi, ila jua unachonunua. Elm Electronics ya Kanada, waliobuni chipu hiyo, hawakuwahi kutoa toleo la 1.5, kwa hiyo kila kifaa kinachojiita hivyo ni nakala. Hata hivyo nakala za 1.5 zenye chipu ya PIC18F25K80 kwa kawaida hushinda zile zinazojiita 2.1, ambazo zimepunguzwa amri nyingi na mara nyingi hukwama kwenye magari ya zamani.

Hatua ya 2: Soketi

Iko chini ya dashibodi upande wa dereva, juu ya magoti, na ina matundu 16. Chomeka, washa suichi hadi ON, usipige stata.

Hatua ya 3: Laptopu, kebo na gari zisikizane

Hapa ndipo watu hupoteza Jumamosi nzima, kisha wakalaumu gari. Usifungue programu ya kusoma misimbo kwanza. Programu ikishindwa itakwambia tu haijaunganishwa, bila kukueleza ni wapi. Anza chini upande juu.

Kwanza draiva. Chomeka kebo kwenye laptopu, fungua Device Manager, ingia Properties ya kifaa kipya, kisha Details, kisha Hardware Ids. VID 0403 ni FTDI, 1A86 ni CH340, 10C4 ni CP210x, 067B ni Prolific. Weka draiva ya chipu hiyo hasa, achana na ile ya kisidii kilichokuja na kebo. Prolific ikionyesha alama ya njano na Code 10, kwa kawaida chipu ni bandia na draiva mpya inaikataa. Rudisha kebo dukani.

Pili, namba ya COM. Chomoa kebo uone ni ipi inayotoweka kwenye orodha. Hiyo ndiyo yako. Kebo za CH340 hazina namba yake ya utambulisho (serial number), kwa hiyo ukihamia tundu jingine la USB Windows huipa COM mpya na programu iliyokuwa ikifanya kazi jana inanyamaza leo. Chagua tundu moja ushikamane nalo. Programu za zamani hazioni COM zenye namba kubwa. Ukipewa COM17, ibadilishe kwenye Port Settings, Advanced, iwe kati ya 2 na 8. Ukiwa hapo hapo, kama ni FTDI, shusha Latency Timer kutoka 16 hadi 1. Usomaji utakuwa mwepesi zaidi.

Tatu, mwendo wa mawasiliano (baud). Fungua PuTTY, programu ya kuandikia kebo amri moja kwa moja, chagua Serial, andika COM yako na 38400. Andika ATZ, bonyeza Enter. Jibu zuri ni ELM327 na namba ya toleo. Ukiona herufi za ajabu, mwendo si sahihi: jaribu 115200, kisha 9600. OBDLink SX huanzia 115200. Usipoona chochote, pima kwa mita tundu la 16 na la 4 la soketi ya gari. Lazima kuwe na volti 12. Kama hakuna, fyuzi imeungua. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa OBD, ya ampea 7.5. Magari mengine huiunganisha na fyuzi ya kiwashio cha sigara, ambayo huungua mtu akichaji simu kwa chaja mbovu.

Nne, lugha ya gari. Andika ATSP0, kisha 0100, na usubiri. Utafutaji huchukua sekunde kadhaa. Jibu linaloanza na 41 00 maana yake mmesikizana, na ATDP itakutajia lugha iliyopatikana. Ukipata UNABLE TO CONNECT kwenye gari la karibuni, jaribu ATSP6, ambayo ni CAN, lugha ya magari ya karibuni. Bado? Tenganisha betri na upime ukinzani kati ya tundu la 6 na la 14: ohmu 60 ni sawa, 120 maana yake mwisho mmoja wa waya umekatika.

Gari la kabla ya Oktoba 2008 ni hadithi nyingine. Japani ililazimisha JOBD II, kanuni yake ya mawasiliano ya kompyuta ya gari, tangu wakati huo; yaliyotangulia, kama Corolla NZE121, yanaweza kuwa na soketi ile ile na yasijibu ELM327 hata kidogo. Kebo si mbovu. Jaribu ATSP3, ATSP4 na ATSP5. Yakikataa yote na gari ni Toyota, zima suichi, unganisha tundu la 13 na la 4 kwa kipande cha waya, kisha washa suichi hadi ON na uhesabu mimweko ya taa ya injini: misimbo yake ni ya tarakimu mbili. Mimweko ya haraka isiyo na mapumziko maana yake hakuna msimbo. Angalia waya usiguse tundu la 16, lina umeme wa betri moja kwa moja.

Jibu la 41 00 likipatikana, funga PuTTY (ikibaki wazi inashikilia COM) ndipo ufungue programu. Kwa Mazda sitatumia programu nyingine ila FORScan. Huingia ndani kuliko programu za jumla.

Hatua ya 4: Soma, andika

Piga picha ya misimbo pamoja na freeze frame (hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea) kabla ya kufuta chochote.

Hatua ya 5: Tazama namba zikiwa hai

Suichi ON, injini imezimwa, sensa ya mgandamizo wa hewa ya Nairobi husoma kilopaskali 82 au 83 hivi. Video nyingi hudai 101, lakini hiyo ni ya Mombasa, kando ya bahari. Sensa nzima kabisa hutupwa kwa sababu hii.

Injini ikishapata moto, jumlisha STFT na LTFT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu. Zaidi ya asilimia 10 juu, kompyuta inaongeza mafuta kufidia jambo fulani. Ukiwa na P0171 (mafuta ni machache kulinganisha na hewa), pandisha injini hadi mizunguko 2,500. Namba ikishuka, hewa inavuja kuingilia mpira au gasketi. Ikipanda, shuku pampu ya mafuta, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi.

Hatua ya 6: Kabla ya kununua

P0301 (silinda ya 1 inakosa kuwaka): hamisha koili ya silinda ya 1 hadi ya 2, futa, endesha. Ukija P0302, koili ndiyo mbovu. Ukirudi P0301, fanya vivyo hivyo na plagi. Usihamishe vyote viwili pamoja.

P0420 (masega ya ekzosi, yaani catalytic converter, hayasafishi moshi ipasavyo): usikimbilie sensa ya oksijeni. Hakikisha masega ya ekzosi bado yamo, maana huku kwetu yana soko. Sensa ya nyuma ikipanda na kushuka kwa kasi ile ile ya mbele, masega yamechoka au yameng'olewa.

Hatua ya 7: Futa

Injini ikiwa imezimwa, suichi ON. Msimbo ukirudi papo hapo, tafuta waya au plagi ya sensa. Ukirudi baada ya siku kadhaa, kompyuta ilikuwa ikisubiri safari ya kutosha kufanya jaribio lake, na ndivyo P0420 inavyofanya.