Si Kila Nzi Anayeuma ni Ndorobo: Mkamate Kwanza, Sindano Baadaye

Hivi karibuni niliitwa kwenye banda moja huko Poli, Arumeru. Mama mwenye ng'ombe watatu wa maziwa alikuwa ameshawachoma ile dawa ya unga wa njano (diminazene) ya nagana, ugonjwa wa damu unaoenezwa na ndorobo, mara mbili ndani ya wiki tano, kwa sababu jirani alimwambia ndorobo wamepanda mlima. Ng'ombe walikuwa wanapiga miguu chini, mikia haitulii, maziwa yamepungua. Nikamwambia, "Mama, hebu nionyeshe ndorobo mmoja." Akaninyooshea kidole kwenye mguu wa mbele wa mtamba. Walikuwapo nzi wanne, wadogo kama nzi wa jikoni, wametulia na vichwa vyao vyote vimeelekea juu. Nikamnasa mmoja kwa kikombe. Nzi wa zizi.

Nyuma ya banda kulikuwa na jibu lenyewe: rundo la mabaki ya majani, maganda ya migomba na samadi iliyolowa mkojo, halijaguswa tangu mvua zianze. Nilitia kijiti ndani nikatoa funza konzi nzima. Huyu mama alikuwa analipia dawa ya damu wakati tiba yake ilikuwa kwenye koleo. Hesabu mwenyewe: dawa mara mbili, mchoma sindano mara mbili, na maziwa ya siku 3 baada ya kila sindano ambayo hayafai kunywewa wala kuuzwa. Sikumuuliza kama aliyamwaga.

Ningenyamaza kama angekuwa peke yake. Lakini kila wiki napigiwa simu kutoka Akheri, Nkoaranga, hata upande wa Machame: "Bwana mifugo, ndorobo wametuvamia." Halafu nikishuka Makuyuni na Esilalei, karibu na hifadhi za Manyara na Tarangire, nakuta kinyume chake. Kule kijana anachunga huku ndorobo halisi wakimnyonya ng'ombe tumboni mchana kweupe, ukimuuliza anasema "ni nzi tu wa porini". Mlimani wanachoma sindano bila ndorobo, tambarare wana ndorobo bila kupima damu. Kosa ni lile lile, kumpa mdudu jina kabla ya kumtazama.

Basi tumtazame. Ndorobo, ambaye vitabu humwita mbung'o, ana urefu wa milimita 7 hadi 14. Akitua, mabawa yake hulala mgongoni moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Hapo tu umeshamtenga na wengine karibu wote. Nzi wa zizi akitua mabawa huachana kwa nyuma, na mwenyewe ni mfupi, milimita 5 hadi 7, tumbo lina madoa kama ubao wa drafti. Wote wawili mdomo wao umechomoza mbele kama sindano, na huo mdomo ndio unaowapoteza watu. Mtu akiona sindano anapiga kelele "ndorobo". Mdomo hautoshi, angalia mabawa.

Pange ni yule mkubwa, macho yanang'aa rangi rangi, anakuja jua kali na akiuma anachana ngozi hata damu inachuruzika. Huyo hana haja ya lenzi. Na yule bapa anayekimbia kiubavu kama kaa kwenye manyoya ya mbwa au chini ya mkia wa ng'ombe, ukimbana kwa vidole hapasuki, naye si ndorobo.

Ukitaka uhakika usio na ubishi, ng'oa bawa moja, libandike kwa selotepu kwenye karatasi nyeupe, ulitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Katikati ya bawa la ndorobo, mishipa imezunguka uwazi wenye umbo la kishoka, mpini na bapa lake. Hakuna nzi mwingine anayeuma hapa kwetu mwenye kishoka hicho. Nimewahi kumwonyesha mzee mmoja wa Esilalei, akalishika karatasi juani muda mrefu, kisha akamwita mwanawe aje aone "shoka ya ndorobo". Tangu siku hiyo yule kijana hanipigii simu ya uongo.

Sasa sampuli. Hapa nitagomba, kwa sababu nimechoka kupokea uji. Watu wananiletea nzi waliopigwa kwa kofia, wamefungwa kwenye mfuko wa plastiki, wametoa jasho, wameoza, miguu imebaki kwenye kofia. Miguu naihitaji! Kwenye mbuga zetu kuna aina zaidi ya moja ya ndorobo, na mbili ninazokutana nazo zaidi hutofautishwa kwa nyayo, yaani vile vipingili vidogo vya mwisho wa mguu. Glossina pallidipes ana nyayo za mbele na za kati zilizopauka hadi mwisho, na jina lake la Kilatini lina maana hiyo hiyo, miguu iliyopauka. Glossina swynnertoni, aliyepewa jina mwaka 1923 kwa heshima ya Charles Swynnerton aliyekuwa mkuu wa wanyamapori Tanganyika, vipingili viwili vya mwisho vya nyayo hizo ni vyeusi. Ukiniletea nzi asiye na nyayo, umeniletea nusu ya nzi.

Kwa nini aina iwe muhimu? Kwa sababu pallidipes huvutwa vizuri na mtego wa kitambaa cha bluu na cheusi wenye harufu ya mkojo wa ng'ombe, lakini swynnertoni huupuuza mtego huo na hufuata zaidi kitu kinachotembea, ikiwamo gari na kundi la ng'ombe. Kijiji kinaweza kushona mitego 20, kikakuta mitupu, kikatangaza hakuna ndorobo, na ng'ombe wanaendelea kukonda. Kule Unguja, ambako ndorobo walimalizwa na kisiwa kikatangazwa huru mwaka 1997, aina ilikuwa moja tu, Glossina austeni. Walifugwa Tanga, madume yakapigwa mionzi yawe tasa, yakamwagwa kwa ndege ili majike wakipandwa nao wasizae. Dume tasa wa aina nyingine asingesaidia kitu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tambarare kamata kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, au saa 10 hadi saa 12 jioni, wakati ndorobo wa mbuga wanauma zaidi. Usimpige. Mfunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako au kwa kikombe, kisha mwingize kwenye kichupa kikavu. Watatu wanatosha, ishirini wa nini? Kama utanifikia siku hiyo hiyo, mlete hai, kichupa kikiwa kimefungwa kwa kitambaa chenye unyevu, mbali na jua. Ndorobo hai naweza kumpasua na kuona kama vimelea vya nagana vimo tumboni na mdomoni mwake, aliyekauka hanionyeshi tena. Kama utachelewa, mweke kwenye kiberiti kitupu juu ya pamba kavu, au ndani ya spiriti yenye nguvu ya asilimia 70 au zaidi. Konyagi ni asilimia 35. Nimeletewa nzi kwenye konyagi mara mbili, na mara zote mbili nzi alikuwa laini kama mtindi na aliyemleta alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

Andika kwa penseli, siyo kalamu ya wino, maana spiriti inafuta wino wote. Tarehe, saa, kitongoji, na sehemu ya mwili alipokamatwa: mguu wa mbele, tumbo, shingo. Hiyo sehemu ya mwili ni nusu ya jibu, wala usiiache kwa kuona ni upuuzi.

Mkiweka mtego, uwe palipo wazi jua linapoupiga, fyeka nyasi mita 2 kuuzunguka, paka grisi kwenye nguzo, la sivyo siafu watakula ushahidi wote usiku. Mtego na mtego mita 200. Mwaga kikombe chake kila baada ya saa 24, saa ile ile. Na kitambaa kikipauka, kibadilisheni. Bluu iliyochujuka haimdanganyi ndorobo.

Hata nikithibitisha ni ndorobo, bado si ruhusa ya kuchoma kundi zima. Nzi anakuambia hatari ipo, damu ndiyo inayosema ng'ombe gani anaumwa. Damu itolewe kwenye mshipa wa sikio kabla ya sindano yoyote. Ukishachoma, vimelea vinapotea kwenye damu kwa muda na kipimo kinakuwa cha bure. Ikithibitika, ile dawa ya unga wa njano ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Ikichanganywa sawasawa na maelekezo ya pakiti, ni mililita 5 kwa kila kilo 100, ndani ya msuli. Pimeni uzito kwa utepe unaozungushwa kifuani. Kugawa pakiti ya ng'ombe mmoja kwa ndama watatu "kwa makadirio" ndiko kunakofuga usugu. Dawa ya kuua ndorobo nayo pigeni miguuni na tumboni, ndiko wanakotua, siyo kumwaga yote mgongoni.

Na watu pia. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliopita Serengeti na Tarangire waligundulika na malale, ugonjwa wa vimelea ambao ndorobo humwambukiza mtu. Mchungaji mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria, kapimwe malale, umwambie daktari unachunga wapi.

Kwa wa mlimani kazi ni nyingine kabisa. Ndorobo hazaliani kwenye samadi. Jike huzaa funza mmoja kila baada ya siku 9 au 10, naye hujifukia ardhini kivulini huko porini. Anayezaliana kwenye samadi yenye majani yaliyooza ni nzi wa zizi, na kutoka yai hadi nzi kamili ni kama wiki 3 kwenye joto. Ndiyo maana nasema samadi itoke kila siku ya 7, siyo "nikipata nafasi". Itandaze shambani unene usiozidi sentimita 5 ikauke, au ilundike kimo cha mita 1 na kuifunika turubai ichemke yenyewe. Mabaki ya majani chini ya hori, hayo yaliyolowa ambayo koleo halifiki, yatoeni kwa mkono. Nimekuta mabanda yamefagiwa vizuri, na funza wote wako chini ya hori.

Asije mtu akasema nzi wa zizi hana madhara. Anaweza kuhamisha vimelea kwa mdomo uliolowa damu kutoka ng'ombe mmoja hadi wa pili, na maziwa anapunguza kweli. Lakini huyo anaondolewa kwa koleo.

Baada ya wiki tatu nne ng'ombe wataacha kupiga miguu. Mama wa Poli ameshatoa lile rundo. Wa Makuyuni, viberiti vyenu vinifikie kabla ya saa 4 asubuhi, nzi wakiwa na miguu yote sita.