London: gusisha kadi ileile kutwa nzima

Ukiwa London, chagua kitu kimoja cha kulipia nauli, kadi ya benki ya kugusisha au simu, na usibadilishe. Mfumo hujumlisha safari zako na huacha kukukata ukifikia kikomo cha siku. Lakini kadi na simu, hata za akaunti moja, huhesabiwa kama abiria wawili. Kwenye treni gusisha kisomeo cha manjano ukiingia na ukitoka. Angalia sana DLR (treni nyepesi za mashariki mwa London), vituo vyake vingi havina geti: ukisahau, unakatwa nauli ya juu kabisa. Basi ni mara moja tu, unapopanda, na hawapokei pesa taslimu. Mkiwa wawili kadi moja haifai, kila mtu na yake. Benki yako ikitoza ada kila unapolipa ughaibuni, nunua Oyster, kadi ya nauli ya London unayoijaza pesa.