Somo: Kutafuta makala za tasnifu kwenye maktaba ya kielektroni

Wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu hubandika kichwa kizima cha utafiti kwenye kisanduku cha kutafutia, wakapata makala tatu, wakadhani hakuna aliyeandika. Makala zipo. Tuchukue mfano wa sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu) kwenye mahindi yanayohifadhiwa na wakulima wa Dodoma, mkoa uliopata mlipuko wa madhara yake mwaka 2016.

1. Pitia mlango wa maktaba. Mchapishaji hukitambua chuo kwa anwani ya IP, yaani namba ya mtandao wake. Ukiwa nyumbani kwa bando la simu hakutambui, ndiyo maana unadaiwa dola. Ingia kwanza tovuti ya maktaba kwa akaunti yako (vyuo kadhaa hutumia mifumo ya kuingilia ukiwa mbali kama RemoteXs au MyLOFT), kisha fungua kanzidata, yaani hazina ya makala, ukiwa humo humo.

2. Vunja mada. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Fungua utafutaji wa kina, kila dhana uipe mstari wake:

aflatoxin* OR mycotoxin*
maize OR corn
storage OR postharvest OR post-harvest
Tanzania

Unganisha mistari kwa AND. OR hukusanya visawe, AND hubana. OR na AND ziandike kwa herufi kubwa. Nyota (*) huleta miisho yote ya neno. Matokeo yakiwa machache, ondoa mstari wa Tanzania kabla ya kugusa mingine, kwani tafiti za mlipuko wa 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, zitakufaa sana. Yakiwa maelfu, tafuta kwenye muhtasari tu badala ya matini yote.

3. Chagua kanzidata ya fani yako. Ndani ya Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea makala bure au kwa bei nafuu, AGORA ni ya kilimo na Hinari ni ya afya. Usiiruke AJOL (African Journals Online): ina majarida mengi ya Afrika ambayo kanzidata kubwa hazinayo.

4. Tunza kumbukumbu. Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure, ila nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300 tu, na PDF huijaza upesi. Andika pia tarehe, kanzidata, maneno uliyotumia na idadi ya matokeo. Bila hayo, sura ya mapitio haiwezi kutetewa mbele ya watahini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakuu, nimeingia Research4Life vizuri, lakini makala inadai malipo.
Jibu: Mkuu, huenda kiungo umekifungua kutoka Google. Rudi ndani ya Research4Life utafute jarida humo. Ikigoma bado, basi mchapishaji hajalitoa kwa nchi yako. Mpelekee mkutubi DOI, ile namba inayoanza na 10, akutafutie njia nyingine.

Swali: Naweza kupakua makala zote 400 kwa mkupuo?
Jibu: Hapana, tafadhali. Mchapishaji akiona upakuaji wa kasi anaweza kufungia chuo kizima, wenzako wakakosa huduma. Soma muhtasari kwanza, pakua unazozihitaji. Na nywila ya chuo isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp.

Swali: Nyota mbona haisaidii Google Scholar?
Jibu: Kule haifanyi kazi hiyo. Andika kila umbo la neno na uyaunganishe kwa OR.

Swali: Kwenye kanzidata ya JSTOR sioni makala za mwaka jana.
Jibu: Majarida mengi huingia humo yakiwa yamechelewa, mara nyingi miaka 3 hadi 5. Za karibuni zitafute kwenye tovuti ya mchapishaji, kwa kupitia maktaba yako.