Cheti cha kuzaliwa kabla ya miaka 18
Wenzangu mnaolea vijana kwenye makao ya watoto hapa Mtwara, msingoje kijana atimize miaka 18 na kuondoka makaoni ndipo muanze kuhangaikia karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kishughulikieni akiwa na 15 au 16, wakati afisa ustawi wa jamii bado ana jalada lake mkononi. Bila cheti, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, inasumbua. Bila namba ya NIDA, hata laini ya simu hasajili kwa jina lake.

Niliwahi kumpokea mmoja Mikindani, ana begi na sufuria tu. Karatasi hana hata moja. Iliniuma sana.

Na mtafutieni nyumba ya kwenda siku ya Idi, au akishikwa na homa: mama mmoja wa kumuuliza, "Umekula, mwanangu?" Aanze kumzoea angali makaoni.