Zana za gereji ya nyumbani: tembea na bolti mfukoni, kasha la vipande 108 liache kwanza

Jamaa wengi wanaoniuliza ninunue nini huanza na kasha la zana. Ameliona pale madukani Darajani au Mlandege, mjini Unguja, la plastiki, vipande 108, lina kila kitu, na bei si mbaya. Mie huwa namuuliza swali moja tu, una gari gani? Kwa sababu hizi zana ukizinunua kwa idadi ya vipande utalipia vyuma ambavyo havitatoka kwenye kasha maisha, na ile moja uitakayo kila siku ndo itakuwa mbovu kuliko zote. Basi hivi ndivyo ninavyofanya mie na ndivyo ninavyowaelekeza wenzangu, kwa mtu anaetaka kujitengenezea mwenyewe uani kwake, sio kufungua gereji ya biashara.

Hatua ya 1: Andika bolti zako

Kabla hujatoka nyumbani fungua boneti, lala chini uangalie, upime vichwa vya bolti kwa venia (kile kipimo cha milimita chenye taya) au hata kwa spana za kuazima kwa jirani. Andika kwenye simu. Gari nyingi hapa Unguja na Pemba ni Toyota za kutoka Japani, na Mjapani ana saizi zake anazozipenda, kwa milimita: 10, 12, 14, 17, 19. Chukua Toyota IST ya injini ya 1NZ: betri ni 10, koili za plagi 10, bolti ya kumwagia oili 14, plagi zenyewe zinataka soketi nyembamba ya 16, nati za wili 21. Ukishakuwa na hizo umeshafanya sehemu kubwa ya kazi za nyumbani, sevisi, kubadili betri, plagi, na breki ukiongeza 17.

Sasa mwenye Vespa mambo ni mengine kabisa, ile ni ya Mtaliano. Nati za wili za Vespa PX ni 13, plagi ni 21, na kuna 8 na 11 utazikuta kila mahali. Mwenye IST 11 na 13 atazitazama tu kwenye kasha. Mwenye Vespa ndo kinyume, 12 na 14 atazishika mara chache. Kwa hivo ukisikia mtu anakwambia "seti hii nzuri, hata mie ninayo", muulize yeye anaendesha nini.

Na kama una gari la kale la Kiingereza, hizi Bedford na Land Rover za zamani, saizi zake ni za inchi, usilazimishe spana ya milimita kwa kuwa "inakaribia". Inayokaribia ndo inayokula pembe za nati.

Hatua ya 2: Hesabu kasha kwa mkono wako

Ukifika dukani mwambie muuzaji alifungue, ukikatazwa kufungua ondoka zako. Kisha hesabu zile utakazozishika tu. Zile bitsi ndogo ndogo za bisibisi zinakula idadi kubwa, zitoe. Soketi za bolti zenye kichwa cha nyota ni za gari za Ulaya zaidi, zitoe. Saizi za inchi toa. Kilichobaki ndo unachonunua, bei yote ya kasha igawe kwa hizo zilizobaki. Mara nyingi utakuta ni bora uchukue soketi moja moja nzuri za saizi zako tano sita, na racheti moja nzuri (ule mpini wa kuzungushia soketi), kuliko lile sanduku. Sisemi makasha yote mabaya, yapo mazuri, na mtu mwenye gari ya Kijapani na pikipiki ya Kihindi nyumba moja pengine kasha linamfaa kweli. Ila hesabu kwanza.

Hatua ya 3: Soketi na racheti, hapa usiharakishe

Beba bolti kutoka nyumbani. Bolti tatu safi za kichwa cha 10, 12 na 14, zitie mfukoni kwenye kipande cha karatasi. Dukani vua soketi ivalishe kwenye bolti yako halafu ipindishe kushoto kulia kwa vidole. Lazima icheze kidogo, isipocheza kabisa haitaingia kwenye bolti yenye kutu, lakini ikizunguka mpaka unaona kichwa cha bolti kinabaki nyuma hiyo iache. Kisha chukua ya kampuni nyengine, saizi ile ile, bolti ile ile, ufanye hivo hivo. Ukizishika mbili kwa pamoja utaijua tofauti hata kama ni mara yako ya kwanza, wala huhitaji mtu akueleze.

Angalia ndani ya soketi. Zipo za pembe sita na za pembe kumi na mbili. Kwetu sisi tulio karibu na bahari, ambapo bolti za chini ya gari zinaota kutu kabla mkopo wa gari haujesha, chukua pembe sita. Zile za kumi na mbili zinaingia kirahisi ukiwa huoni unakopeleka mkono, ila zinashika karibu na ncha za nati, na nati iliyokwishalika kidogo ikitiwa nguvu ndo imekwisha.

Racheti sasa. Kuna mdomo (pale panapoingia soketi) wa robo inchi, wa tatu kwa nane, na wa nusu inchi. Ukinunua mmoja tu kwa gari ndogo, nasema tatu kwa nane, halafu nusu inchi baadae kwa ajili ya wili na kazi nzito. Watu wengi hapa wanaanza na nusu inchi na matokeo yake wanaingiza dude zito kwenye bolti ya 10 na wanaikata.

Namna ya kuijaribu: shika kichwa cha racheti mkono mmoja, mkono wa pili zungusha ule mdomo polepole, sikiliza mlio uwe sawa sawa duara zima, usikwame mahali. Kisha fanya jaribio hili ambalo muuzaji atakutazama kama una wazimu: chukua bolti na nati yake, nati uifunge kidogo tu ilegee, tia soketi, anza kukaza kisha rudisha mkono nyuma. Ikiwa nati inarudi pamoja na racheti badala ya kukaa pale pale, basi racheti nzito kwa ndani, na mahali pembamba pale nyuma ya injini itakutesa, utakuwa unaenda mbele unarudi nyuma hufungi kitu. Hilo huwezi kuliona kwenye picha ya mtandaoni hata siku moja.

Halafu meno. Racheti ya meno 24 inataka uzungushe digrii 15 ndo ishike jino jengine, ya meno 72 inataka digrii 5 tu. Penye nafasi finyu hiyo tofauti ni kubwa mno. Lakini meno mengi kwenye racheti ya bei ya chini maana yake ni meno madogo ya chuma dhaifu, ukitia bomba kuongeza urefu yanaruka. Kwa kufungulia nati iliyoganda usitumie racheti kabisa, tumia ule mkono mrefu usio na racheti, ni chuma kitupu hakina cha kuvunjika ndani.

Na soketi za rangi ya fedha usizitie kwenye mashine ya kufungulia nati, zile nyeusi nene ndo zimetengenezwa kwa kupigwapigwa na mashine. Nyembamba ya fedha inaweza kupasuka na kipande kikakurukia.

Hatua ya 4: Spana, bisibisi, plaizi

Spana chukua zile za flati upande mmoja ringi upande wa pili. Jaribu kwa bolti zile zile. Upande wa flati ndo unaofichua ubora, mdomo ukiwa mbovu unafunguka ukitia nguvu. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, nunua moja nzuri au usinunue kabisa. Kitu hichi Msweden Johan Petter Johansson alikisajili tokea 1892 na mpaka leo kinategemea jambo moja, taya ile inayotembea isilegee. Ishike taya uitikise juu chini. Ikicheza kama jino la mtoto rudisha kwenye rafu.

Bisibisi za nyota ndo zenye hadithi ambayo wengi hawajui. Ile nyota tuliyoizoea, ya Henry Phillips wa Marekani, hataza yake ni ya 1936, inaelekea kuchomoka yenyewe ukitia nguvu. Mjapani ana nyota yake, kwa macho zinafanana lakini mfereji wake una umbo tofauti kidogo, na bisibisi ya Kimarekani ikiingia humo haifiki chini vizuri, inapanda juu inakula kichwa. Ndo maana skrubu za kabureta na za kifuniko cha mafuta ya breki kwenye pikipiki za Kijapani karibu zote ninazoletewa zimeshaliwa. Skrubu nyingi za aina hiyo zina kinukta kidogo kwenye kichwa, ukikiona tafuta bisibisi ya Kijapani, kampuni ya Vessel mfano inazitengeneza. Moja ya namba 2 inatosha kuanzia. Bisibisi ya Kijapani inaingia vizuri tu hata kwenye nyota ya kawaida, kwa hivo hupotezi kitu.

Plaizi: funga mdomo, inua kwenye mwanga. Kwenye makali ya kukatia usione mwanga ukipenya. Ikate karatasi nyembamba, ikikata bila kuing'ang'ania poa. Ikiwa utashika umeme wa nyumbani tafuta iliyoandikwa 1000V pamoja na IEC 60900 (kiwango cha zana za umeme), maana raba nyekundu peke yake ni rangi tu, haikuhakikishii kitu.

Nyundo ya ratili mbili yenye kichwa cha mviringo upande mmoja, tazama mpini wa mti, nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini zisikate kati. Msumeno wa chuma, blade ya meno 24 kwa inchi kwa kazi za kawaida, 32 kwa bomba jembamba, meno yaelekee mbele. Basi.

Hatua ya 5: Jina la kampuni

Stanley, Bahco, Knipex, KTC, Koken, hawa wanajulikana na bei zao zinajulikana. Taparia ya India mie naipenda kwa plaizi na spana, haina mbwembwe. Za Kichina kama Ingco, Total na Tolsen kwa mtu wa nyumbani zinatosha kazi nyingi, wala usidharau. Tatizo kubwa ni bandia, jina kubwa kwenye chuma cha hovyo. Maandishi yaliyopigwa ndani ya chuma yawe na kingo safi, tahajia ya jina iwe sahihi, na ile alama ya Cr-V (chuma cha kromu na vanadi) isikudanganye, mtu yeyote anaweza kuiandika juu ya chuma chochote. Ukitaka kujua kweli, nyumbani pitisha tupa pembeni ya spana mahali pasipoonekana: chuma kilichokazwa vizuri kwa moto tupa inakula kwa shida, kilaini tupa inauma kirahisi. Kwa hivo nunua moja kwanza, ipime, kisha rudi uchukue zilizobaki. Na chukua risiti, mkubaliane kabla hujalipa kama anabadilisha au habadilishi.

Hatua ya 6: Toki renchi, na vitu vya kukulinda

Toki renchi, ile inayopima nguvu ya kukaza, iwe ya mwisho kununua lakini inunue. Nati za wili za Toyota ndogo zinakazwa 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), bolti ya oili ya IST kama 38 hivi, na watu wanaikaza ile ya oili kwa hasira mpaka nyuzi za sampu (bakuli la oili) zinatoka. Ya nusu inchi inayoanzia 28 mpaka 210 inatosha. Usifungulie nati nayo, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa, springi yake isikae imebanwa.

Jeki haikufai peke yake kukulindia. Stendi mbili za chuma za kuegemezea gari zinakuja kabla ya racheti ya pili, kabla ya kasha, kabla ya chochote kile chengine, hapo sina mjadala na mtu.

Hatua ya 7: Kutu

Hewa yetu ina chumvi na jasho la mkono lina chumvi, kwa hivo ukinunua linganisha rangi pia. Kromu ni ngozi nyembamba sana juu ya nikeli, ikiwa na vitundu au imeanza kubanduka kwenye kona hapo dukani tu, masika moja haimalizi. Chungulia hasa ndani ya soketi na kwenye maandishi, ndo inapoanzia. Zile nyeusi za mashine zinaota kutu upesi zaidi, hizo ziwe na oili daima.

Usiziweke kwenye sakafu ya saruji, unyevu unapanda, ziweke kwenye ubao au rafu. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vitie ndani ya kasha. Ukimaliza kazi futa kila kimoja kwa kitambaa chenye oili kidogo, hata oili ya sherehani inatosha, hasa siku uliyofanya kazi mikono inatoka jasho. Kitambaa kiwe cha pamba, hizi fulana za nailoni hazifyonzi, zinausogeza unyevu kutoka spana moja kwenda nyengine.