Kuchagua na Kujitengenezea Kalibu za Mishumaa

Kabla ya kuyeyusha chochote, shika chombo unachotaka kukifanya kalibu na ujiulize mshumaa utatokaje humo ukishaganda. Chombo chenye mdomo mwembamba kuliko tumbo, au chenye mikunjo ubavuni kama yalivyo makopo mengi ya vyakula, hakiuachii mshumaa hata kiwe kizuri namna gani, na kwa hiyo kinafaa tu ikiwa mshumaa utawakia humohumo.

Jambo la pili ni joto. Nta nyingi za parafini za mishumaa huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65 za Selsiasi, na nta ya nyuki kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini zote humiminwa zikiwa na moto zaidi ya hapo. Chupa nyepesi za maji ya kunywa hujikunja kwa joto hilo, na glasi nyembamba iliyo baridi huweza kupasuka. Pakiti za maziwa za karatasi ngumu, zikioshwa na kukaushwa vizuri, zinamfaa sana anayeanza, kwa sababu mshumaa ukiganda karatasi huchanwa tu; zifunge kamba kiunoni ili kuta zisitune.

Kwa mishumaa mirefu ya mezani, napendekeza mwanzi kuliko kalibu nyingi za dukani. Chagua mwanzi mkavu na ulionyooka, kwa kuwa mbichi una unyevu unaoacha vishimo kwenye nta, kisha kata pingili moja ukiacha kifundo upande mmoja, kiwe kitako cha kalibu. Toboa katikati ya kifundo tundu la kupitisha utambi. Pasua pingili kwa urefu kwa panga kali, ukigonga taratibu, maana mwanzi hufuata nyuzi zake na nusu mbili zikirudishwa pamoja hukutana sawasawa. Piga msasa ndani, zikutanishe tena, na uzibane kwa vipande vya tyubu ya baiskeli juu, katikati na chini. Bomba la plastiki la maji pia hufaa, ila msumeno hula sehemu yake na kuacha mwanya unaohitaji kuzibwa, na kwa kuwa plastiki hiyo hulegea kwenye nyuzi 80 hivi, nta isimiminwe humo ikiwa imezidi nyuzi 70.

Ili kujua kiasi cha nta, jaza maji kwenye chombo na uyapime: kila mililita 100 za maji zinahitaji takriban gramu 90 za parafini. Baada ya hapo kausha chombo kabisa, kisha pitisha ndani kitambaa chenye mafuta kidogo ya kula. Mafuta yakizidi, uso wa mshumaa hutoka na madoa; nta ya nyuki, ambayo hung'ang'ania kuta kuliko parafini, ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi hapa. Pitisha utambi wa pamba, ufunge fundo chini, ziba tundu na mishono ya nje kwa unga wa ngano uliokandwa ukawa mgumu, kisha funga ncha ya juu kwenye kijiti kilicholazwa mdomoni ili utambi ukae katikati ukiwa umevutika.

Yeyusha nta katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, wala usiiache peke yake jikoni. Ikishika moto, zima jiko na uifunike kwa mfuniko. Usiimwagie maji kamwe.

Mimina polepole na ubakize nta kidogo. Parafini husinyaa inapopoa, na shimo hujitokeza kuuzunguka utambi. Uso ukianza kuwa mgumu, toboa kwa kijiti mara kadhaa karibu na utambi, kisha jazia nta uliyobakiza bila kupita kimo cha kwanza, kwa sababu ikipita itapenya kati ya mshumaa na ukuta na kuugandisha humo.

Acha upoe wenyewe hadi kalibu isiwe na joto hata kidogo mkononi. Kuuharakisha kwenye friza huupasua. Kata fundo, vua mipira na utenganishe nusu za mwanzi. Ukikataa kutoka, weka kalibu kwenye friji dakika chache ili usinyae zaidi, kisha jaribu tena. Alama ya mshono itakayobaki ubavuni ikwanguliwe kwa kisu na kusuguliwa kwa kitambaa kikavu.